Pembetatu Mara Mbili

Kibanda cha Elingaya kilikuwa Majengo, nyuma ya mashine ya kukoboa,
kwa hiyo tulicheza tukiwa na pumba kwenye nywele.
Mia mbili, nusu saa. Ukichelewa kuinuka
anazima swichi ukutani bila kukutazama usoni.

Wavulana walitaka mpira tu.
Mimi nilimtaka yule dada wa kwenye diski iliyokwaruzika,
mwenye koti la bluu na kovu gotini.
Maandishi yalikuwa ya Kijapani, au Kichina, nani angetuambia,
jina lake halikusomeka, nikampa langu la pili: Ndeshi.

Sehemu ya kwanza, Ndeshi alikuwa na maji.
Pembetatu mara mbili, ushikilie,
na mkono wa kushoto unapanda taratibu,
kama wa mtu anayemwita mtoto aliye ng'ambo,
na mto unasimama wima. Unasimama!
Majitu ya mawe yanaduwaa, matope magotini.

Nililijua jambo hilo. Kibosho, kwa bibi,
zamu yetu ya mfongo ilikuwa Alhamisi, kabla hakujapambazuka.
Bibi anang'oa jiwe, anasukuma gogo la mgomba,
anainua mkono: haya sasa,
na maji yanashuka shambani, yanamtii.
Sikuona tofauti. Mmoja alikuwa na koti.

Sehemu ya pili ilikuja mwaka niliofeli hisabati.
Moto. Wamempa moto, na mbawa, na nywele za kufika kiunoni,
koti limekatwa juu ya kitovu.
Kovu halipo.
Mto wa zamani uko palepale; anauvuka kwa daraja
kama mgeni, wala hautupii jicho.
Nikamuuliza Elingaya, maji yake yamekwenda wapi?
Akasema, hiyo si ni sehemu ya pili?
Kana kwamba hilo ni jibu.

Labda ilielezwa. Labda zilikuwapo kurasa na kurasa za yale maandishi,
kwamba alinyang'anywa, kwamba aliyauza, kwamba aliapa juu ya kaburi,
nasi tulibonyeza duara, duara, duara,
tufike upesi penye kupigana.

Nikamzoea na moto wake. Mtu huzoea.

Sehemu ya tatu nimeinunua mwenyewe,
mimi niliyefeli hisabati, sasa keshia wa duka la pembejeo
karibu na kipilefti cha Mnara wa Saa:
nakata risiti za mbolea, najumlisha kichwani,
na sijui uwezo huo uliniingia usiku gani.
Nao ule wa kulala popote, wa kupanda mparachichi bila viatu,
umeondoka bila kuaga.

Safari hii Ndeshi anaponya.
Anasimama nyuma ya wanaume wanne wenye mapanga,
anawamwagia mwanga wa kijani wakijikata ovyo.
Moto hana. Mbawa hana. Maneno sasa yamo kwa Kiingereza,
nimeyasoma yote, hakuna linalosema kwa nini.

Bibi naye anachota bombani, kwa kadi.
Mfongo ulikatwa na ukuta wa mtu wa mjini;
Alhamisi anaamka saa ile ile, anapasha chai,
anakaa.

Jana Wandumi ameegemea bega langu, anakula karanga.
Tumefika mtoni. Wale wanne wanatafuta daraja.
Kidole changu kikakumbuka chenyewe:
pembetatu, pembetatu, kikashikilia.

Na mkono ukapanda.
Mkono wa kushoto, taratibu, vilevile,
waliomtengeneza upya walisahau kuuondoa.
Ulipanda hadi juu, ukakaa huko.
Maji yakaendelea na safari yake.

Wandumi akaacha kutafuna.
Mama, anamwita nani?

Nikabonyeza tena.